Anza na Bakuli la Supu

Swali: Shikamoo, mpishi. Mtaani kwetu kumefunguliwa mgahawa mdogo, viti havizidi kumi na vinne, na mlangoni wameandika kwamba chakula chao "kimetokana na mapishi ya Kijapani". Mke wangu ameuona na anataka tukale huko siku yake ya kuzaliwa. Mimi Japani naijua kwa magari tu. Sili nguruwe, sinywi pombe, na kusema kweli samaki mbichi ananitisha. Mke wangu naye ana mimba ya miezi mitano. Nilipita kuchungulia menyu: nusu ya maneno siyajui, na sahani zenyewe ni ndogondogo kama za kuonjea. Je, hawa ni Wajapani kweli au ni jina tu? Tuagize nini, na tufanyeje tusiaibike na vile vijiti?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa mtoto anayekuja. Nimekaa nyuma ya kaunta za migahawa ya namna hiyo miaka mingi, nikichoma, nikichemsha na kuosha masufuria, kwa hiyo niruhusu niyapange maswali yako upya. La vijiti, linalokunyima usingizi, ndilo dogo kuliko yote. La nguruwe na pombe, ulilolitaja kwa maneno manne, ni kubwa kuliko unavyofikiri. Nitaanza na lile la Wajapani kweli au jina tu, maana ukishalielewa hilo hata menyu haitakutisha.

Chakula cha Kijapani chenyewe kimepita mikono mingi. Tempura, yaani mboga na kamba waliochovywa kwenye uji wa unga wakakaangwa, ilitokana na upishi wa Wareno waliofika Japani katikati ya karne ya 16. Tambi za rameni asili yake ni China. Mchuzi wa bizari wanaouita kare uliingia kwa njia ya Waingereza, nchi ilipofungua milango yake karne ya 19. Nyama nayo ina historia ndefu ya kukatazwa: mwaka 675 Kaizari Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku kwa karibu nusu ya mwaka, na ilipofika 1872 ndipo watu walipotangaziwa kwamba Kaizari Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe. Hata samoni mbichi, ambaye leo wengi wakisikia sushi humwona yeye kwanza, ni mgeni wa juzi. Wajapani walizoea kumla akiwa amechomwa au ametiwa chumvi. Ni Wanorwe, waliokuwa na samoni wengi wa kufugwa, walioanza kuwashawishi wamle mbichi katika miaka ya 1980.

Kwa hiyo mgahawa ukisema umechota kwa Wajapani na kuongeza ya kwake, umefanya kile ambacho Wajapani wenyewe wamekifanya siku zote. Usiwahukumu kwa pasipoti ya mpishi. Wahukumu kwa kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukipamba, nacho ni supu.

Wajapani wanaiita dashi. Ni maji, mwani na samaki mkavu, basi. Mwani wenyewe ni kombu, mpana na mnene kama mkanda wa ngozi, na mwingi wake hutoka Hokkaido, kaskazini mwa nchi. Samaki ni wa jamii ya jodari, anayechemshwa, akafukizwa moshi, akakaushwa, na walio bora hupakwa ukungu maalumu na kuachwa kwa miezi hadi wanakuwa wagumu kama gogo. Kipande kile hakikatwi kwa kisu. Hukwanguliwa kwa randa, kama fundi seremala anavyolainisha ubao, na kinachotoka ni vipande vyembamba kama karatasi. Mpishi huloweka kombu, hupasha maji taratibu, huutoa mwani kabla maji hayajachemka, kisha humwaga vile vipande vya samaki, husubiri kidogo tu, na huchuja. Nilipokuwa mgeni jikoni niliwahi kuuacha mwani uchemke nikiongea na mwenzangu. Supu ikawa ya utelezi na uchungu kidogo. Mpishi mkuu hakusema neno, aliibeba sufuria nzima akaimwaga mbele yangu. Sikuchemsha kombu tena.

Kwa nini nakusumbua na habari za maji ya mwani? Kwa sababu yamo karibu kila mahali kwenye menyu ile: ndani ya supu ya miso, kwenye mayai ya mvuke, chini ya tofu ya kukaanga (maziwa ya soya yaliyogandishwa), kwenye mchuzi wa kuchovya tempura, kwenye tambi nene za udoni. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alitaka kujua kwa nini supu ya kombu ina ule utamu usio wa sukari, unaokaa ulimini kama wa mchuzi wa mifupa uliochemka usiku kucha. Akautenga mwilini mwa mwani, akakuta ni glutameti, na ladha ile akaipa jina umami. Mwaka uliofuata unga wake ukaanza kuuzwa madukani, na leo umo kwenye vifurushi vingi vya tambi za haraka. Miaka mitano baada ya ugunduzi huo, mwanafunzi wake Shintaro Kodama akapata kitu cha namna hiyo kwenye samaki mkavu. Baadaye ikajulikana kwamba viwili hivyo vikikutana ladha haijumlishwi, inazidishwa. Wapishi walikuwa wameshajua hayo kwa ulimi zamani sana, ndiyo maana hawakuwahi kuvitenganisha.

Sasa mtihani wenyewe. Mkifika, agizeni bakuli moja la supu ya miso kabla ya chochote. Miso ni maharage ya soya yaliyochachushwa kwa ukungu wa kōji, ukungu uleule unaotengeneza mchuzi wa soya na sake, pombe ya mchele. Huyeyushwa kwenye dashi dakika ya mwisho, moto ukiwa chini, kwa sababu ikichemka harufu yake inakimbia. Funua kifuniko na unuse kabla hujanywa. Supu iliyopikwa kwa mkono hukupiga puani kwanza kwa moshi wa samaki, kisha maharage, na chumvi huja mwisho. Supu ya unga wa pakiti hufanya kinyume: chumvi inafika kwanza, halafu hakuna kinachofuata. Ukiona vijiwingu vya miso vinapanda na kushuka ndani ya bakuli, hiyo ni dalili kwamba bado ni ya moto, si kwamba imeharibika, usiirudishe.

Sisemi mgahawa wa supu ya pakiti haufai. Unaweza kuwa na mchomaji hodari na mkaa mzuri. Lakini ukiujua ukweli wa supu, unajua uagize vya kuchoma na uachane na vya kuchemsha.

Dalili nyingine ni urefu wa menyu. Jiko linalolisha watu kumi na wanne lina wapishi wawili, watatu wakizidi. Ukikuta sahani themanini, jua friza ndiyo mpishi mkuu. Menyu fupi, yenye mambo mawili matatu yameandikwa kwa chaki na kufutwa kesho yake, hiyo ndiyo nzuri. Na zile sahani ndogondogo usizidhanie uchoyo. Migahawa ya namna hii hufuata mtindo wa izakaya, neno lililotokana na "kukaa" na "duka la pombe": maduka ya sake ambako wateja, badala ya kubeba na kwenda zao, walikaa wakanywea palepale, na mwenye duka akaanza kuwapikia vitafunio. Sahani ni ndogo kwa sababu zilikuwa za kusindikizia kinywaji, na zinawekwa katikati kila mtu achukue. Asiyekunywa hapotezi kitu. Chai inakaa vizuri tu mahali pa sake.

Tuje kwenye la nguruwe na pombe. Hapa nisikilize kwa makini.

Nguruwe anayeonekana si tatizo, kwa kuwa unamwona. Tatizo ni yule aliyekwisha kuyeyuka. Rameni ya tonkotsu, ile yenye mchuzi mweupe kama maziwa, weupe wake ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi kwa moto mkali mpaka mafuta na uboho vikachanganyika na maji. Rameni ya mchuzi wa soya au ya miso huonekana haina hatia, ila wapishi wengi huchanganya mifupa ya kuku na ya nguruwe kwenye sufuria moja. Gyoza, vile vimaandazi vyembamba vya kukunjwa, kwa kawaida hujazwa nguruwe na kabichi. Okonomiyaki, chapati nene ya kabichi, mara nyingi hutandikwa vipande vya nguruwe juu. Na hata ukiagiza tempura ya mboga, inaweza kuwa imekaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga tonkatsu, ambayo ni nguruwe wa kupakwa unga wa mkate. Jiko dogo huwa na karai moja la mafuta.

Pombe imejificha zaidi. Kuna kiungo kiitwacho mirini, kitamu, cha rangi ya asali, kinachotengenezwa kwa mchele, na ile halisi ina pombe kiasi cha asilimia 14. Ndiyo inayong'arisha nyama za teriyaki. Imo kwenye mchuzi wa udoni, kwenye mchuzi wa kuchovya tempura, na mara nyingine kwenye wali wa sushi. Sake nayo hutiwa kwenye samaki kuondoa shombo. Watu hujifariji kwamba moto unaimaliza pombe. Haimalizi yote: vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba chakula kikichemka kwa dakika 15 baada ya kutiwa pombe hubaki na takribani asilimia 40 ya pombe ile, na kikichemka saa nzima hubaki na asilimia 25. Na mchuzi wa mishikaki ya kuku, wanaouita tare, una tabia ya peke yake. Kwa desturi chungu chake hakimalizwi wala hakioshwi kikaanza upya. Hujazwa juu ya wa jana, mwezi baada ya mwezi, na mishikaki huchovywa humo humo. Kwa hiyo usimwombe mpishi akutengenezee tare isiyo na mirini. Hawezi, hata akitaka. Mwombe mishikaki ya chumvi, wanaiita shio, ambayo kwa maoni yangu ndiyo tamu zaidi, maana kuku akiwa si mzuri chumvi itamsema.

Mchuzi wa soya na miso huwa na chembe ya pombe inayotokana na kuchachuka kwenyewe, na viwanda vingine huongeza kidogo ili visiharibike. Hilo muulize unayemfuata katika dini yako. Mimi ni mpishi, siwezi kukutolea hukumu.

Namna ya kuuliza ina maana kuliko swali. Nilishuhudia mteja akiuliza, "Hii ina nguruwe?" Mhudumu, kijana mwaminifu kabisa, akachungulia bakuli, akaona yai, uyoga na kitunguu, akajibu haina. Mifupa ilikuwa imechemka tangu asubuhi. Hakudanganya, alijibu alichokiona. Basi usiulize kama ina nguruwe. Uliza, "Supu hii imechemshwa kwa mifupa ya mnyama gani?" Uliza, "Mchuzi huu una mirini au sake?" Uliza, "Mafuta haya mmekaangia nini kingine?" Maswali ya namna hiyo humlazimisha mtu kwenda kumuuliza mpishi. Na usiyaulize siku yenyewe saa mbili usiku, watu wote wamekaa na mkaa unawaka. Wapigie simu siku moja au mbili kabla, katikati ya alasiri, baada ya chakula cha mchana na kabla ya maandalizi ya jioni hayajapamba moto. Saa hizo mpishi ana nafasi, na ukimwambia mapema anaweza kuweka pembeni sufuria ndogo ya dashi kwa ajili yenu. Jiko kubwa halitakufanyia hivyo. Jiko la viti kumi na vinne litakufanyia, na hiyo ndiyo faida yake.

Kwa hao wasiokula samaki kabisa niongeze neno moja: ile dashi imo hata kwenye sahani iliyoandikwa mboga tupu. Na asiyepatana na ngano ajue kwamba mchuzi wa soya wa kawaida umetengenezwa kwa soya na ngano nusu kwa nusu.

Samaki mbichi sasa. Kwanza ondoa hofu: hamlazimiki. Neno sushi halimaanishi samaki mbichi, linahusu wali uliotiwa siki. Zamani sana lilikuwa jina la samaki aliyezikwa ndani ya wali wa chumvi akachachuka kwa miezi, na wali wenyewe ulitupwa. Karibu na Ziwa Biwa bado wanamtengeneza hivyo, na harufu yake haisahauliki. Tonge dogo la wali lenye kipande cha samaki juu lilienea Edo, mji ambao leo ni Tokyo, mwanzoni mwa karne ya 19, likiuzwa vibandani kwa watu wenye haraka. Ni chakula cha barabarani, kwa hiyo kukila kwa mkono ni adabu tosha. Ndani ya familia hiyo kuna vilivyopikwa: kamba wa kuchemshwa, mkunga wa kuchomwa (ila huyo hupakwa mchuzi wenye mirini, mwache), mkate wa mayai, na misokoto ya tango au parachichi. Wewe anza na hivyo. Sushi hupimwa kwa wali kabla ya samaki: uwe na joto kama la kiganja, usiwe wa baridi ya friji, na punje zishikane mkononi lakini ziachane mdomoni.

Kwa mke wako niko mkali zaidi. Baharini kuna mnyoo aitwaye Anisakis anayekaa kwenye nyama ya samaki, na mgahawa makini hugandisha samaki wa kuliwa mbichi kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, au 35 chini ya sifuri kwa saa 15, ili kumuua. Friza nyingi za nyumbani hazihimili baridi hiyo kwa uhakika. Siki haimuui mnyoo, na wasabi, kile kikolezo kikali cha kijani, haimuui. Lakini baridi hiyo haiui bakteria wote, na wapo wengine, kama Listeria, ambao kwa mtu mwenye afya mara nyingi ni homa ya siku chache na kwa mimba ni balaa. Kwa hiyo mjamzito ale vilivyopikwa vikaiva, hata mgahawa uwe msafi namna gani. Samaki waliofukizwa moshi wa baridi nao wamo kwenye katazo hilo. Aepuke papa, samaki-upanga, nduaro na jodari wa macho makubwa hata wakiwa wamepikwa, kwa sababu ya zebaki iliyojikusanya mwilini mwao. Lililo rahisi kusahau ni yai: yai la rameni huachwa kiini chake kikiwa kama asali, na lingine huletwa bichi kabisa la kuchovyea nyama. Aombe lililoiva hadi katikati. Kwenye chai, macha na sencha zina kafeini ya kutosha, hojicha iliyokaangwa ina kidogo, na ile ya shayiri haina. Akiwa na hali yoyote ambayo daktari wake anaifuatilia, maneno ya daktari yashinde haya yangu.

Usiagize omakase. Maana yake ni "nakuachia wewe", yaani mpishi anaamua kila kitu. Ni raha kubwa siku nyingine, ila watu wawili wenye makatazo matano hawamwachii mtu.

Agizeni kwa mafungu. Hili wateja wengi hulikosea: wanaagiza sahani nane kwa mpigo, kisha wanalalamika zimekuja zote pamoja au zimechelewa. Mchomaji ni mmoja, na jiko lake la mkaa lina urefu wa mkono na nusu. Chukueni mbili tatu, kuleni, ndipo mwite tena. Mpangilio uliozoeleka ni kuanza na vyepesi na vya baridi, kisha vya kuchoma, kisha vya kukaanga, na kufunga kwa wali au tambi. Ningekuwa mimi ndiye mwenyeji wenu, ningewaanzishia ile supu ya miso na edamame, maharage mabichi ya soya yaliyochemshwa na kunyunyiziwa chumvi (mnaminya punje ziingie mdomoni, ganda hamli). Kisha chawanmushi, mayai ya mvuke yaliyochanganywa na dashi, laini kiasi kwamba kijiko hakihisi kitu, nikiwa nimeshauliza kama wametia mirini au sake. Baadaye mishikaki ya kuku ya chumvi na samaki wa kuchomwa kwa chumvi aliyeiva mpaka kwenye mfupa. Tempura ya mboga ikiwa karai ni safi. Na mwisho onigiri, tonge la wali lenye pembe tatu, lililochomwa juu ya mkaa hadi likawa na ukoko. Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye kugombania ukoko hahitaji kufundishwa kulipenda.

Tempura ikifika, acheni mazungumzo. Ule uji wake hukorogwa kwa maji ya barafu na kwa mikorogo michache makusudi, ubaki na mabonge, ili ngano isishikamane. Ukavu huo una maisha ya dakika chache. Ukipiga picha sita, utakula kitambaa. Tambi ni hivyohivyo, zinaendelea kulainika ndani ya supu, na kuzivuta kwa sauti hakumkeri mtu huko zilikotoka.

Mnaweza kuletewa kibakuli kidogo ambacho hamkukiagiza. Katika izakaya za Japani huitwa otoshi na huhesabiwa kwenye malipo kama ada ya kiti. Migahawa mingine nje ya Japani imeiga, mingine haikuiga. Uliza kwanza kabla ya kushika, kwa ajili ya pesa na kwa ajili ya kilichomo ndani. Kitaulo chenye unyevu ni cha mikono, uso uachie.

Vijiti, basi, nimeviacha mwisho kama vinavyostahili. Cha chini kinalala kwenye uwazi wa dole gumba na hakisogei, cha juu kinashikwa kama kalamu na ndicho kinachotembea. Jifunzeni nyumbani kwa kuokota karanga, jioni mbili zinatosha. Makosa yanayowashtua kweli Wajapani ni mawili, na yote ni ya msibani: kuvisimika wima kwenye wali, kama wanavyowekewa marehemu, na kupokezana chakula kijiti kwa kijiti, kwa kuwa ndivyo ndugu wanavyoinua mifupa baada ya maiti kuchomwa. Ukitaka kumpa mke wako kipande, weka kwenye sahani yake. Mengine yote husamehewa, na ukiomba uma hakuna atakayegeuza shingo. Supu ya miso haina kijiko: bakuli huinuliwa kwa mikono miwili na kunywewa kwenye ukingo. Ile tangawizi ya siki ni ya kusafisha ulimi kati ya samaki na samaki, haipandishwi juu ya sushi. Na ile rundo ya kijani mnayoiona imeminywa kando ya sahani, mara nyingi si mzizi wa wasabi bali ni mchanganyiko wa mizizi mingine mikali na haradali uliotiwa rangi. Wasabi yenyewe hukwanguliwa mbele yako, maana baada ya robo saa ukali wake umeshaondoka.

Wapigie simu ile siku moja au mbili kabla, taja siku ya kuzaliwa, taja mimba, kisha uliza ya mifupa, ya mirini na ya karai. Wakikujibu bila kusita, au wakisema "subiri nimuulize mpishi" na kweli wakarudi na jibu, weka nafasi. Wakikwambia "hakuna shida, kila kitu kiko sawa" kabla hujamaliza swali, tafuta mahali pengine pa kusherehekea. Na mkipata nafasi, ombeni viti vya kaunta, muone mikono ikifanya kazi, ila upande ulio mbali na jiko la mkaa. Moshi ule ni mtamu puani mwangu, lakini najua wajawazito wasiouvumilia hata dakika tano.